Chano, Kata na Kilemba: Neema ya Miji ya Pwani katika Rihla ya Ibn Battuta

Utangulizi

Ni nadra kwa kitabu cha historia ya pwani ya Afrika Mashariki kuandikwa bila Ibn Battuta kuitwa kizimbani atoe ushahidi. Huitwa, huulizwa maswali mawili matatu, kisha huruhusiwa kwenda zake. Maswali yenyewe ni yale yale. Je, Mogadishu ilikuwa mji mkubwa? Je, watu wa Mombasa walikuwa Waislamu? Je, Kilwa ilikuwa nzuri? Naye huitikia yote matatu, na jibu lake hunakiliwa katika vitabu vya shule na vijitabu vya watalii kama cheti kilichopigwa mhuri, kwamba wazee wetu walikuwa na miji iliyostawi kabla Mreno hajafika mwaka wa 1498. Makala haya hayana nia ya kukipinga cheti hicho. Nia yetu ni kukumbusha kwamba shahidi huyu hakuapishwa mahakamani, alisimulia. Rihla ni utungo wa kifasihi, wenye utanzu wake, kaida zake na msimulizi wake, na kurasa chache zinazohusu pwani yetu hazieleweki vyema zikichomolewa humo na kusomwa peke yake.

Dai letu ni kwamba katika utungo huu neema ya mji hupimwa kwa mkono unaotoa. Msimulizi hauoni mji moja kwa moja. Huuona kupitia kile kinachowekwa mbele yake au mbele ya wageni wenzake: chano cha wali, tambuu, kilemba, kanzu. Panapotolewa kingi, mji hung'aa. Panapotolewa kidogo, mji hukemewa. Na pale asipotajiwa mwenyeji wala zawadi, kama ilivyokuwa Mombasa, jicho lake huteremka na kuona mambo ambayo halikuyaona kwingineko. Tukilikubali dai hili, hatuna budi pia kuuliza ni kina nani wasioweza kuonekana kwa jicho la namna hiyo.

Msimulizi na Mwandishi

Abu Abdallah Muhammad ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka wa 1304, akatoka kwao mwaka wa 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja kwa nia ya kuhiji. Alihiji, lakini hakurudi kwao ila baada ya takriban robo karne. Alifika pwani yetu kwa pepo za kaskazi, yamkini mwanzoni mwa mwaka wa 1331, akitokea Aden na Zeila. Baadaye alikaa Delhi miaka kadhaa akiwa kadhi, akawa kadhi pia katika visiwa vya Maldivi, akadai kufika Uchina, na mwishowe akavuka jangwa la Sahara hadi Mali. Hayo yote yanajulikana. Lisilotiliwa maanani ya kutosha ni kwamba hakuandika kitabu. Ni Sultani Abu Inan wa Fez aliyeamuru safari hizo ziandikwe, na kazi hiyo akapewa katibu wake, Ibn Juzayy, mwanachuoni na mshairi kutoka Granada. Msafiri alisimulia, katibu akanakili, akapanga, akapamba, akapachika beti. Usimulizi ulikamilika mwishoni mwa mwaka wa 1355 na uhariri mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo sauti tunayoisikia si moja. Nyuma ya nafsi ya kwanza ya msafiri kuna mkono wa mtu ambaye hakuwahi kuiona Kilwa wala Mombasa, na ambaye alijua vizuri jinsi safari inavyopaswa kuandikwa, kwa kuwa alikuwa na kielelezo. Kielelezo hicho ni kitabu cha Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya kumi na mbili, ambacho sehemu zake kuhusu Damascus, Makka na Madina zimeingizwa katika Rihla karibu kama zilivyo. Wahakiki wa Kizungu walipoligundua hilo baadhi yao waliinua mikono na kusema, ‘Mwizi huyu!’ Sisi tuliozoea fasihi ambamo mtunzi huanza utenzi wake kwa dua, wasmala na madokezo yaliyorithiwa kwa waliomtangulia, hatuna haja ya kushtuka hivyo. Kuazima maneno ya mtangulizi kulikuwa sehemu ya adabu ya uandishi. Lakini hatuna haja pia ya kujifanya kwamba hakuna lililotokea.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Kati ya siku aliyoshuka Kilwa na siku aliyoanza kumsomea Ibn Juzayy ilipita miaka ishirini na zaidi, na katikati yake kulikuwa na maisha ya Uhindi. Uhindi huo umepenya hadi katika maelezo ya pwani yetu. Tunda alilolionea ladha Mombasa, lenye umbo la zeituni na kokwa kama yake, analiita kwa jina la Kihindi, jamuni. Sisi tungelidhania zambarau au jamaa yake. Hali kadhalika, maelezo ya achari za Mogadishu (embe bichi, ndimu, tangawizi mbichi na vichala vya pilipili, vyote vikiliwa kidogo kidogo baada ya kila tonge) yanarudi karibu sawa sawa anapoeleza chakula cha Uhindi. Huenda meza hizo mbili zilifanana kweli, kwani bahari moja ilizilisha zote. Huenda pia mzee wa Fez alikuwa na meza moja tu kichwani, akaiandalia miji miwili. Maandishi hayatuwezeshi kuamua, na mhakiki anayeamua kwa haraka anaongeza yake. (Tutaje kwa kupita tu kwamba pilipili hizo si pichapicha wala si pilipili hoho, mimea hiyo ilitoka Marekani baada ya mwaka wa 1492. Ni pilipili manga. Mfasiri wa Kiswahili asipojihadhari hapa atampikia sultani kwa kiungo ambacho hakikuwapo.)

Je, alisema kweli? Swali hilo liliulizwa mapema. Ibn Khaldun anasimulia katika Muqaddima jinsi watu wa Fez walivyonong'ona kwamba msafiri huyu ni mwongo, na jinsi waziri mmoja alivyomwonya asikanushe mambo ya nchi asizoziona. Waziri alimpigia mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani pamoja na baba yake. Baba alipomweleza kondoo ni mnyama gani, mtoto aliuliza kama anafanana na panya, kwani mnyama mwingine hakuwahi kumwona. Mfano huo unatufaa hata leo, ila kwa njia nyingine. Si msomaji wa Fez pekee aliyekuwa na panya wake. Msafiri naye alikwenda na kipimo chake mfukoni, na kipimo hicho kilikuwa mapokezi.

Chano cha Mogadishu

Tazama jinsi Mogadishu inavyoingia katika masimulizi. Sentensi chache za mwanzo ni za desturi: mji ni mkubwa mno, ngamia wanachinjwa kwa mamia kila siku, wafanyabiashara wana nguvu, na kuna kitambaa kinachofumwa hapo na kupelekwa Misri na kwingineko. Kisha msimulizi anaiacha picha ya juu na kuteremka baharini. Chombo kinatia nanga. Mashua zinatoka pwani zimejaa vijana. Kila kijana amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, naye anamchagua mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mgeni halali ila kwa mwenyeji huyo, labda awe mtu aliyezoea kuja mjini na kujulikana. Mwenyeji humuuzia na kumnunulia. Anayenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au anayemuuzia pasipo mwenyeji kuwapo, biashara yake hubatilika.

Wanahistoria wameisoma sehemu hii kama maelezo ya udalali, na wana haki. Lakini kifasihi kinachovutia ni sahani iliyofunikwa. Tendo la kwanza la mji kwa mgeni ni kumlisha kabla hajakanyaga nchi kavu, na kwa kukila chakula hicho amekwisha kufungwa. Ukarimu na biashara haviko katika vyumba viwili; kawa linaloficha chakula linaficha pia mkataba. Msimulizi hatoi maoni yoyote hapa. Anayaacha matendo yajieleze, na huu ni ufundi ambao hatuuoni daima katika kitabu hiki chenye maneno mengi.

Kisha linakuja jambo la kuchekesha. Vijana wanaambiwa kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni wa sheria, na mara anatoka mikononi mwao na kuwa mgeni wa kadhi. Msafiri amebadilishwa daraja papo hapo, ufukweni, kwa kelele. Tangu hapo tunapelekwa kwa sultani, ambaye watu wa huko humwita shehe, mtu anayezungumza lugha ya mji wake na kujua Kiarabu pia. Inafuata orodha ambayo kila msomaji wa pwani huisoma huku akitabasamu: tambuu na popo juu ya sahani, maji ya mawaridi kutoka Damascus, wali uliopikwa kwa samli ndani ya chano kikubwa cha mti na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi na achari. Chakula huletwa mara tatu kwa siku. Hapo ndipo msimulizi anapojiruhusu mzaha wake, kwamba mtu mmoja wa mji huo hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na miili yao ni minene ipasavyo.

Siku ya Ijumaa analetewa mavazi: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni, kwa kuwa suruali hawaijui, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana na kilemba chenye tarizi. Baada ya sala msafara unatoka msikitini. Sultani anavaa viatu vyake na kuamuru kadhi na mgeni wavae vyao. Watu wengine wote wanatembea miguu mitupu. Juu ya sultani kuna miavuli minne ya hariri za rangi, na juu ya kila mwavuli ndege wa dhahabu. Ngoma na baragumu zinatangulia. Tuwekee alama viatu hivyo, kwa maana tutakutana na miguu mitupu tena.

Lipo lisiloonekana katika sherehe yote hii. Wali haukujipika. Mara tatu kwa siku chano kimeingia na kutoka, na hatujaona mkono hata mmoja wa aliyekipakua. Wala hakuna mwanamke katika Mogadishu hii, kama vile hayuko Mombasa wala Kilwa. Mtu asiseme kwamba msafiri hakuwa na macho ya kuwaona wanawake. Sura zake kuhusu Maldivi, ambako alioa zaidi ya mara moja na kujaribu bila mafanikio kuwafanya wanawake wajifunike kifua, zinakanusha hilo kabisa. Katika pwani yetu alikuwa mgeni wa siku chache, aliyeketishwa barazani, na mwandiko wake haupiti barazani. Salim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka wa 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani, na ambaye masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli ya mwaka wa 1901, alisafiri akiwa mtumishi. Tofauti ya viti vyao ingefaa iandikiwe makala yake.

Usiku Mmoja Mombasa

Mombasa ilipata usiku mmoja tu. Hatusikii habari za mwenyeji, wala sultani, wala mavazi. Katika mpangilio wa Rihla hiki ni kipande cha kupitia, na wachapishaji wa vitabu vya madondoo hukitia kwa ajili ya ukamilifu tu. Sisi tunakiona kuwa ndicho kipande bora katika sehemu yote ya pwani.

Anasema kisiwa hakina kilimo cha nafaka, na nafaka huletwa kutoka nchi anayoiita Sawahil. Kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki. Kwamba ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, watu wa dini na wema. Sifa hizo ni za jumla, na maneno ya namna hiyo hiyo ameyatumia kwingine. Halafu ghafla anasimama mlangoni pa msikiti, na maandishi yanabadilika. Misikiti ni ya mbao, iliyojengwa kwa uimara mkubwa. Penye kila mlango kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti imesawazishwa. Anayetaka kuingia huosha miguu yake, na mlangoni kuna kipande cha jamvi nene ambalo hujipangusia. Anayetawadha hukiweka chombo kati ya mapaja yake na kujimiminia maji mikononi. Watu wote hutembea miguu mitupu.

Msomaji yeyote aliyekulia pwani ana jina la chombo hicho: ni kata. Ibn Battuta hana jina lake, kwa hiyo analazimika kukieleza kipande kwa kipande, na katika kulazimika huko anaandika vizuri kuliko anapoorodhesha hariri. Hapa hapimi kwa dinari bali kwa dhiraa. Anaangalia chini, ambako hakuna mwavuli wala ndege wa dhahabu. Na miguu mitupu, ambayo Mogadishu ilikuwa alama ya kumtenga sultani na raia, Mombasa ni ya wote, na imeandaliwa maji na jamvi. Hatudai kwamba msimulizi alikusudia ulinganisho huo. Tunasema tu kwamba upo katika maandishi, na kwamba ungepotea kama mji huu nao ungemletea chano.

Ushahidi wa kinyume unapatikana mbali na kwetu. Mwaka wa 1352 Ibn Battuta alifika kwa Mansa Sulayman wa Mali. Aliposikia kwamba zawadi ya sultani inakuja alitazamia mavazi na fedha. Alipoona mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando, alicheka kwa dharau. Na sura ya sultani huyo katika kitabu ni ya bahili hadi mwisho, ingawa msimulizi huyo huyo anakiri kwamba nchi yake ilikuwa na amani na uadilifu kiasi cha msafiri kutoogopa mwizi. Huko Delhi mambo ni kinyume. Sultani Muhammad bin Tughluq, aliyempa ukadhi wa dinari 12,000 kwa mwaka, anatambulishwa kama mtu aliyependa mambo mawili kuliko watu wote, kutoa na kumwaga damu, na msimulizi anayaweka mawili hayo pamoja kana kwamba moja linalipia jingine. Kwa muda mrefu, kwake yeye lililipia.

Mpaji wa Kilwa

Tunafika Kilwa, na kwa kuwa ndiyo sehemu inayonukuliwa zaidi, ni vyema tutazame ni maneno mangapi hasa yanayoueleza mji. Ni machache mno. Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Yote ni ya mbao na paa zake ni za majani. Mvua ni nyingi. Wengi wa wakazi wake ni weusi wenye chale usoni. Mfanyabiashara mmoja alimwambia msafiri kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi, na kwamba dhahabu hufika Sofala kutoka bara. Basi. Mji uliodhibiti dhahabu hiyo umepewa nafasi ndogo kuliko achari za Mogadishu.

Suala la mbao limewasumbua wataalamu wa mambo ya kale. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, alionyesha kwamba katika zama hizo hizo Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umepanuliwa kwa kuba na nguzo, na kwamba juu ya mwamba nje kidogo ya mji lilisimama jengo la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Mwenye kulijenga ni sultani yule yule aliyempokea Ibn Battuta. Yawezekanaje mgeni asilione jabali la mawe namna hiyo? Wengine wamesema mnakili alikosea. Wengine wamekumbusha, na sisi tunaelekea upande wao, kwamba nyumba za watu wengi wa miji hiyo zilikuwa za miti na udongo, na kwamba anayetembea mitaani huona nyumba za watu wengi. Lakini kwa mhakiki wa fasihi jambo kubwa ni jingine. Msimulizi anayeweza kupima kijiti cha kata kwa dhiraa hana neno juu ya jumba la mfalme, kwa sababu huku Kilwa hakuja kusimulia jumba. Alikuja kusimulia mkono. Yule mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeuona Pate umekwisha kufa, aliingia hadi ndani ya vyumba na kuhesabu zidaka. Mji ukiwa hai huwa na mlango, na mlango huwa na mwenyewe.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, na kila kinachofuata ni ufafanuzi wa jina hilo. Anavamia nchi ya weusi wasio Waislamu, anateka mali, anatenga sehemu ya tano kama sheria inavyotaka, na fungu la masharifu analiweka katika hazina ya peke yake mpaka watokee kutoka Hijazi na Iraki. Nao wanatokea, msimulizi anawataja kadhaa kwa majina. Ni mnyenyekevu, hukaa na mafakiri na kula nao. Kisha kinakuja kisa. Sultani anatoka msikitini siku ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemeni anamwita kwa lakabu yake na kumwomba mavazi aliyovaa. Anakubali. Fakiri anataka sasa hivi. Sultani anarudi, anaingia nyumba ya khatibu, anabadili nguo, na kumwachia zile alizovua. Fakiri anazifunga, anajitwika na kwenda zake. Watu wanasifu. Mwana wa sultani anazikomboa nguo za baba yake kwa watumwa kumi. Sultani akipata habari za sifa hizo anaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hiki si kisa cha kuripotiwa. Ni hekaya, na imekamilika kwa kila sifa ya hekaya. Kuna ombi linalozidi adabu, kuna jibu la utayari, kuna urudufu wa kumi na kumi. Kuna hata mwenziwe wa kinyume. Msimulizi anaongeza kwamba sultani alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daudi, aliyekuwa na tabia ya kuwaambia waombaji kwamba mpaji amekufa na hakuacha cha kutolewa, hata wageni wakakata tamaa na kuacha kuja. Lakini Ibn Battuta hakuwapo Kilwa sultani alipofariki. Nusu hii ya pili ameisikia mahali pengine, kwa watu wengine, yamkini miongoni mwa hao hao wageni waliokata tamaa. Ndugu mkarimu na ndugu bahili wameletwa pamoja kwa sababu hekaya inawahitaji wote wawili.

Na wenyeji walisemaje juu ya Daudi? Tarehe ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu na kwa muhtasari wa Mreno João de Barros wa mwaka wa 1552, inamkumbuka kwa jambo jingine kabisa: aliushika utawala kwa niaba ya ndugu yake aliyekuwa safarini, na aliporudi akamrudishia. Kwa watu wa mji, kipimo cha mtawala kilikuwa amana. Kwa mgeni kilikuwa zawadi. Mtu mmoja ametoka na sura mbili, na hakuna sababu ya kuamini kwamba ya mgeni ndiyo ya kweli zaidi kwa kuwa ilitangulia kuandikwa.

Tukumbuke pia hekaya hii ilisimuliwa wapi. Jina la kitabu chenyewe huanza kwa neno tuhfa, ambalo ni tunu au zawadi. Ni tunu iliyotengenezwa kwa amri ya Sultani Abu Inan, na msimulizi wake alikuwa mzee aliyekuwa akiishi kwa fadhila za mfalme huyo. Kumsimulia sultani habari za sultani aliyevua nguo zake kumpa fakiri, kisha habari za nduguye aliyewafukuza waombaji kwa maneno, si jambo lisilo na shabaha. Muyaka na watunzi wengine waliosimama karibu na wenye nguvu wangeuelewa ufundi huo mara moja. Kilwa imekuwa methali ya kutumiwa Fez.

Sasa turudi kwa wale kumi na wale kumi. Wasomaji wetu, nasi tukiwemo, tumezoea kusoma kisa hiki kwa fahari: tazama ukarimu wa mfalme wa Waswahili! Watu ishirini wametolewa kwa seti moja ya nguo, na macho yetu yanabaki kwenye nguo. Msimulizi hakuficha walikotoka. Alikuwa amekwisha kusema, mistari michache tu kabla, kwamba sultani huyu alikuwa akivamia nchi ya bara na kuteka. Ameviweka viungo vyote viwili mezani na hakuviunganisha, kwa sababu katika kipimo chake uvamizi ni ucha Mungu na utoaji ni ukarimu, na kati ya viwili hivyo hakuna pengo la kuulizia. Ni sisi tunaopaswa kuuliza. Haifai kumnukuu Ibn Battuta kwa neno “nzuri” kuhusu Kilwa na kumwacha kwa neno “watumwa”, kana kwamba ushahidi wake hauna nguvu ukurasa unapogeuka. Wala haitoshi kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya zama zake. Zama zake ndizo tunazozijengea fahari.

Katika maandishi ya Rihla kuhusu pwani yote, masharifu wana majina na nasaba, masultani wana majina na lakabu, kadhi wa Mogadishu ana jina na nchi yake ya asili. Fakiri wa Yemeni hana jina, lakini ana sauti: anaita, anadai, anasisitiza. Wale ishirini hawana jina wala sauti wala lugha, na lugha yao ingetupendeza sana sisi wa idara hii, kwa kuwa Rihla haikuhifadhi maneno ya Mombasa wala ya Kilwa. Walikabidhiwa kwa mtu aliyekuwa na mzigo wa nguo kichwani, pamoja na mizigo miwili ya pembe ambayo lazima mtu aliibeba. Walikokwenda hakukuandikwa. Msafiri naye alipanda chombo, na pepo za kusi zikampeleka Dhofar.